Muhuri wa Kreti ya Kwanza

Eveline alikata shina la kiazi kwa wembe, akalining'iniza ndani ya glasi ya maji, akachuchumaa. Nyuma yake alisimama mama Cresensia, mwenye shamba, kitenge kimefungwa juu ya sweta na midomo imebanwa.

"Unasubiri nini hapo? Kiote mizizi?"

"Nasubiri kiseme, mama."

"Kitasema nini! Shamba zima limelala kama lililomwagiwa maji ya moto. Wewe unakaa na glasi."

Hazikupita dakika tatu. Kwenye mkato wa shina ukaanza kushuka uzi mweupe, mwembamba, kama tone la maziwa linaloteremka taratibu. Eveline aliutazama mpaka ukagusa chini ya glasi. Mnyauko. Si ukame huo wala mbolea mbaya. Ni ugonjwa unaoingia shambani umejificha ndani ya mbegu, na ukishaingia, udongo hauutoi upesi.

"Mbegu zilikuja nao," akasema.

"Nani hajui? Mbegu nimechukua ghala la chama, na ufunguo wa ghala anao mtu mmoja, mzee Ezekieli. Kesho mkutanoni tunamvua ile kofia yake, akajieleze polisi Njombe bila kofia."

Kamati ya usimamizi ya chama cha wakulima hapo Kichiwa ilikuwa imempa Eveline siku tatu za uchunguzi, na hii ilikuwa ya tatu, Ijumaa. Yeye ndiye mjumbe mdogo kuliko wote, elimu yake darasa la saba, lakini wenzake walimsukumia kazi wakisema ana subira ya kuku anayeatamia. Hadi sasa alikuwa ametembelea mashamba saba yaliyolala, na kila mwenye shamba alikuwa amemwonyesha lebo ya kreti aliyopewa.

"Lebo umeitunza, mama?"

Cresensia aliichomoa kwenye pindo la kitenge. K-214. Eveline akaiandika chini ya zile saba. Zote zilikuwa kati ya 201 na 240.

*

Mzee Ezekieli alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa ghala, kofia yake ya sufu kichwani, daftari magotini.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu. Umekuja kunifunga au kunisalimia?"

"Nimekuja kusoma."

"Soma basi. Asiyeiba hafichi daftari."

Utaratibu wa ghala Eveline aliujua, lakini alimwomba autaje mwenyewe, hatua kwa hatua. Mzee akautaja. Kreti inafika mlangoni. Anasoma namba kwenye lebo, anaiandika kwenye ukurasa wa chama, kwa simu. Ukurasa ukijibu kwa rangi nyekundu, "Haina muhuri," kreti inarudi ilikotoka. Ukijibu kwa kijani, "Imekaguliwa," unataja jina la mkaguzi, tarehe na saa aliyogonga muhuri. Hapo ndipo anafungua mlango.

"Na jibu la simu unalinakili kwenye daftari?"

"Neno kwa neno. Simu inaisha chaji, mwanangu. Daftari haliishi chaji."

Eveline alipitisha kidole kwenye mistari. Mwandiko wa mzee ulikuwa umenyooka kama matuta ya mahindi. Kreti ya kwanza, K-001: Severini, 14 Septemba, saa 3:10 asubuhi. K-002: Severini, 14 Septemba, saa 3:25. K-003, saa 3:40. Kila kreti na saa yake, hadi mwisho wa mwezi. Kidole kikafika tarehe 3 Oktoba, siku zilipopokelewa kreti arobaini kwa mpigo. Hapo kikasimama.

K-201: Severini, 14 Septemba, saa 3:10. K-202: Severini, 14 Septemba, saa 3:10. Akafunua upande wa pili. Mpaka K-240, saa ile ile, dakika ile ile.

"Mzee, umeandika saa tatu na dakika kumi mara arobaini. Hukushangaa?"

"Nilishangaa mkono unavyouma." Kisha utani ukamtoka usoni. "Mimi nimeambiwa kijani ni kijani. Nibishane na simu?"

Eveline akampigia mkaguzi, Severini, akaweka sauti ya nje ili mzee asikie.

"Saa tatu na kumi, tarehe kumi na nne? Nakumbuka, ndiyo nilikuwa naanza kazi hapo Kichiwa," akasema Severini. "Nilifungua kreti moja, K-001. Kreti moja inanila robo saa, dada. Arobaini kwa dakika moja ningekuwa tandu."

"Hizi 201 mpaka 240?"

"Mimi kreti hizo sijaziona kwa macho."

Mzee Ezekieli alivua kofia, akaishika mikononi, akaivaa tena.

Eveline alichagua kreti ambayo hakuna aliyeilalamikia, K-052. Daftari lilisema: Severini, 20 Septemba, saa 5:40. Akaiandika namba hiyo kwenye ukurasa. Kijani ikawaka: Imekaguliwa, Severini, 14 Septemba, saa 3:10.

Akajaribu K-117. Saa 3:10. Akajaribu K-009. Saa 3:10.

"Zamani kila kreti ilikuwa inajisemea," akasema taratibu. "Sasa zote zinasemewa na ile ya kwanza."

Akaongeza neno *view-source* mbele ya anwani ya ukurasa, na ukurasa ukafunua matumbo yake: mistari na mistari ya maandishi yasiyo na rangi. Ujanja huo alifundishwa na Remmy, fundi mwenye steshenari Makambako, yule yule aliyeutengeneza ukurasa wa chama. Miaka miwili, kila Jumanne, bila kumdai chochote. Kwa kuwa Eveline hakuwa na kompyuta, Remmy alimwambia anakili mistari kwenye kaunta-buku kwa mkono, naye akaisahihisha kwa biki nyekundu. Hajawahi kumcheka hata siku moja kwa darasa lake la saba.

Alitafuta kwa dakika ishirini. Mzee alisinzia, akaamka, akamkuta bado ameinama.

"Umeona nini?"

"Huu hapa." Akamsogezea simu, ingawa alijua mzee hataelewa:

document.querySelector(".muhuri")

"Kizungu hicho."

"Si kizungu sana. Ukurasa ni kama ghala hili, mzee. Ghala lina vyumba, chumba kina kreti, na ndani ya kreti kuna kadi ya muhuri. Kitu ndani ya kitu. Sasa mtafutaji anatumwa: niletee muhuri. Neno hili la mwanzo ndilo linamwambia aanzie wapi, na hili lina maana ya ukurasa wote. Kwa hiyo anaanzia mlangoni, anashuka kutoka juu, na muhuri wa kwanza kuugusa anaubeba, anarudi nao. Haulizi wa nani."

"Na ilitakiwa aanzie wapi?"

"Kwenye kreti yenyewe. Unaiendea kwanza 214, unamwingiza ndani yake, ndipo unasema niletee muhuri. Hapo atapekua humo humo tu, hata kadi iwe imefungwa kwenye bahasha ndani ya mfuko. Asipoiona anarudi mikono mitupu, na ukurasa unakupa nyekundu."

Mzee alifikiri. "Kama mtu aite 'Mama!' katikati ya soko. Anageuka yeyote aliye karibu."

"Ndiyo hivyo. Unaondoka na mama wa mtu."

Akateremka hadi kwenye kreti 214 ukurasani. Ilikuwepo, na lebo yake, lakini ndani yake hamkuwa na kadi ya muhuri. Akapitia zote arobaini, moja moja. Tupu.

"Nani anaweza kubadilisha mstari huu?"

"Neno la siri analo fundi peke yake," akajibu mzee. "Basi kijana wa watu amekosea. Kazi nyingi."

"Inawezekana," Eveline akasema haraka. "Ndilo kosa la kwanza la kila anayejifunza. Hata mimi niliwahi kulifanya." Akafunga simu. "Nani alileta zile kreti?"

"Gari la Zubeiri wa Makambako. Mimi, mwanangu, huyo ndiye ningemwangalia. Mzigo ukishapanda gari, nani anajua njiani umeshukia wapi?"

Eveline aliliandika jina la Zubeiri kwa herufi kubwa, akalipigia mstari. Hakuna aliyemwona alivyofurahi kuwa na jina jingine la kuandika.

*

Zubeiri alikuwa chini ya fuso lake, Makambako, karibu na njia ya reli. Miguu tu ndiyo ilionekana.

"Asalaam aleikum, mzee Zubeiri."

"Waleikum salaam. Kama ni nyanya, gari limejaa."

"Ni viazi. Vya tarehe tatu Oktoba. Natoka kamati ya usimamizi, Kichiwa."

Miguu ikatulia. Akajiburuta nje, mtu mzima mwenye ndevu zilizopakwa hina, akamtazama kutoka kandambili hadi kilemba.

"Wewe ndiye mpelelezi? Wapelelezi ninaowajua mimi huja wanene."

"Tunaanza hivi hivi, tunanenepea kazini."

Zubeiri akacheka, akajifuta mikono. Kreti hizo alizikumbuka. Hakuzipakia Makambako, wala hakushusha njiani hata moja; alizikuta Igwachanya, zimeshapangwa kando ya barabara na lebo zimeshabandikwa, akazipeleka Kichiwa moja kwa moja. Mzee Ezekieli alizihesabu mwenyewe, akatia sahihi.

"Lebo zilishabandikwa Igwachanya?"

"Wallahi. Nilifikiri na nyinyi mna ghala huko."

"Mwenye mzigo alikuwa nani?"

"Sikumwona. Tuliongea kwa simu tu. Ngoja." Akafungua mlango wa gari, akatoa bunda la karatasi za mizigo lililobanwa kwa mpira, akalowesha kidole. "Mimi sibebi hata gunia bila jina na namba. Hii hapa."

Eveline aliipokea. Mtumaji: E. Mwalongo. Chini yake namba ya simu.

Aliisoma namba mara moja tu.

Mwezi Agosti, Jumanne, Remmy alikuwa amemwambia: "Mdogo wangu, nataka laini ya kujaribia meseji za ukurasa, kitambulisho changu cha taifa kimepotea. Nisajilie kwa kidole chako, ya siku mbili tatu tu." Naye alikwenda kwa wakala, akaweka kidole gumba, akampelekea laini mezani. Namba aliikumbuka kwa sababu ndiye aliyeichagua, ili iwe rahisi kukumbukwa.

"Mzee Zubeiri," akasema, "E. Mwalongo ni mimi."

Zubeiri akachukua karatasi, akaitazama, akamtazama yeye. "Basi umejisaka, umejipata."

"Aliyekupigia alikuwa na sauti gani?"

"Ya mwanaume. Nyororo. Kila sentensi anamalizia 'sawasawa?' kama mwalimu wa chekechea." Akamtazama usoni. "Keti, binti. Umekuwa mweupe kama unga."

Eveline hakuketi. Aliomba apige picha karatasi ile, akapiga mbili. Kisha akauliza: "Leseni yako ya udereva unayo hapo?"

"Kwani sasa na wewe ni trafiki?"

"Nusu saa kuanzia sasa, uje uitoe nakala. Kuna steshenari mtaa wa pili, mlango wa bluu. Usiniamkie, usinijue. Sikiliza tu."

*

Alikaa kwanza kwenye benchi la mama muuza chai, akafungua kaunta-buku ukurasa mpya. Hakunakili mstari wa ukurasa wa chama, Remmy angeutambua. Alitunga zoezi. Nyumba nyingi, kila nyumba na ndani yake jina la mama mwenye nyumba. Mtu akibonyeza nyumba, apewe jina la mama wa nyumba hiyo. Kisha akaandika mstari wa kutafuta, mbovu kwa namna ile ile: unaanzia ukurasa wote.

Kama Remmy angelitazama zoezi lile na kukuna kichwa, ingekuwa alikosea tu, na laini ile huenda aliibiwa. Eveline, aliyekuwa ametumwa kutafuta mkosaji, alikunywa chai yake akiomba Mungu mwalimu wake asijue kazi.

"Mwanafunzi wangu!" Remmy alisimama nyuma ya kaunta, mikono wazi. "Leo si Jumanne. Umebanwa wapi?"

"Zoezi limenishinda, kaka. Nikibonyeza nyumba yoyote, naletewa jina la mama wa nyumba ya kwanza."

Akamgeuzia daftari. Remmy hakuketi. Hakuvuta hata miwani yake kutoka kichwani. Alichomoa biki nyekundu mfukoni mwa shati, akakata neno *document*, akaandika juu yake *nyumba*, akaweka tiki.

"Umeanzia barazani, mdogo wangu. Anzia ndani. Hili si nilikwambia mwaka juzi? Unaikamata kwanza nyumba yenyewe, ndipo unatafuta humo. Sawasawa?"

"Labda mtu akichoka," Eveline akasema. Sauti yake ilikuwa inamsihi. "Akiwa na haraka. Hata fundi anaweza?"

"Fundi gani? Hilo kosa mtu halifanyi mara mbili. Mimi nikiamshwa usingizini siwezi kulifanya."

"Tia sahihi basi, kama zamani."

Akatia sahihi, akaweka na tarehe, anatabasamu.

Zubeiri alikuwa ameshaingia, leseni mkononi. "Nakala mbili, fundi."

"Mbele na nyuma, mzee? Karatasi moja? Sawasawa?"

"Sema tena."

"Nasema, mbele na nyuma..."

"Ndiye," Zubeiri akasema, akimtazama Eveline. "Kreti arobaini, Igwachanya, kando ya barabara, sawasawa. Ndiye huyu."

Mashine ya nakala iliendelea kuunguruma peke yake. Eveline akaweka simu juu ya kaunta, mstari wa ukurasa wa chama ukiwa wazi. Remmy aliusoma, akalitazama neno jekundu alilotoka kuliandika, akaelewa kwa kasi ile ile aliyosahihishia.

"Eveline. Sikiliza."

"Nakusikiliza, kaka. Siku zote nakusikiliza."

"Severini alikataa shamba langu la mbegu kule Igwachanya, lote. Lote! Viazi vilikuwa vizima kwa macho. Ningevitupa mtoni? Nilisema huenda vikaota vizuri, isijulikane."

"Na baada ya hapo hukuurudisha mstari?"

"Ningeurudisha, zote arobaini zingewaka nyekundu."

"Mzee Ezekieli anafikishwa mbele ya mkutano kesho. Ulijua?"

Remmy alirudisha biki mfukoni.

"Haya. Yote hayo nimeyaelewa," akasema Eveline. "Jina langu uliliwekea nini? Makambako nzima ina majina."

Remmy alijibu akiitazama mashine. "Kwa sababu wewe huulizi. Nikikwambia weka kidole, unaweka."

Zubeiri akatema "Astaghafirullah" kama mtu aliyeuma pilipili.

"Lakini fikiria vizuri kabla hujasimama kesho." Sauti ya Remmy ilirudi kuwa nyororo. "Jina ni lako. Laini ni yako. Kidole ni chako. Mimi nitasema ukurasa niliuacha mzima, mwanafunzi wangu wa darasa la saba akauchezea. Wamwamini nani?"

"Kweli. Jina langu, laini yangu, kidole changu." Eveline alifunga kaunta-buku. "Wino wako."

Remmy aliupeleka mkono juu ya kaunta kulikamata daftari. Mkono wa Zubeiri, mweusi kwa grisi, ukatangulia, ukatua juu ya mkono wake na kubaki hapo bila nguvu yoyote.

"Nakala zangu, fundi," Zubeiri akasema. "Mbele na nyuma. Na kesho mimi nina safari ya Kichiwa, hata kama hakuna mzigo."

*

Barabarani, akisubiri gari la kurudi, Eveline alipigiwa na mzee Ezekieli.

"Afisa ushirika kasema anafika kutoka Njombe saa nne. Nakuuliza kitu kimoja tu, mwanangu. Kesho nije na kofia au niiache nyumbani?"

"Vaa, mzee."

"Ni Zubeiri, siyo?"

"Si Zubeiri."

Mzee alisubiri jina. "Nitakuletea kwa maandishi," Eveline akasema, akakata simu.

Alikaa kwenye ukingo wa daraja dogo, akaanza taarifa ya kamati. Sentensi ya kwanza aliiandika mwenyewe dhidi yake mwenyewe, kabla mtu mwingine hajaiandika: *Laini iliyotumika ni yangu, niliisajili kwa kidole changu mwezi Agosti, nikampa mtu niliyemwamini.* Kisha akaeleza kreti moja moja, saa 3:10 mara arobaini, neno lililokuwepo na neno lililotakiwa.

Palibaki vielelezo, na wino mwekundu wenye sahihi ya Remmy ulikuwa ndani ya kaunta-buku. Aligeuza kaunta-buku upande wa jalada. Huko, tangu Jumanne ya kwanza, kulikuwa na maandishi mekundu ambayo alikuwa akiyasoma kila alipokata tamaa: *Eveline, usiogope kukosea. Mimi nipo. Mwl. Remmy.*

Aliyasoma mara nyingine, mpaka mwisho. Kisha chini yake, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko uliofunzwa na mwenye wino ule mwekundu, akaandika: Kielelezo Na. 1.